Filta ya polaraiza ya B+W Käsemann mm 67: nunua kwa ajili ya mng'ao, anga lije baadaye

Peugeot 404 nyeusi iliyopigwa polishi na kuegeshwa juani saa nne asubuhi haionekani nyeusi. Boneti imejaa weupe wa anga, mlango unaonyesha ukuta wa nyumba ya jirani, na kioo cha mbele kimefunika usukani pamoja na viti. Huo wote ni mwanga uliogonga juu ya rangi au juu ya kioo ukarudi bila kugusa kilicho chini yake. Ukishaingia kwenye kamera, hakuna programu itakayoifufua rangi ya mlango ule, kwa sababu haikurekodiwa. Filta ya polaraiza ndicho kifaa pekee cha mfukoni kinachouzuia mwanga huo kabla haujafika kwenye lenzi. Kwa anayetoka asubuhi na kurudi jioni, akipiga magari ya zamani, majumba ya mawe na mandhari, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kununua baada ya kamera na lenzi.

Tunayoipima hapa ni Käsemann ya chapa ya B+W, toleo la HTC, kipenyo cha mm 67. Ni nzuri sana na inastahili bei yake, hasa kwa anayeishi Pwani. Lakini wengi huinunua kwa sababu isiyo yake. Wameona picha za anga la buluu iliyokolea, wanadhani ndiyo kazi yake kubwa. Huku kwetu, karibu na ikweta, kazi yake kubwa ni kuondoa mng'ao. Anga ni nyongeza, na ni nyongeza yenye masharti yake.

Ndani ya filta kuna utando mwembamba wa polaraiza uliobanwa katikati ya vioo viwili. Nyuma ya utando huo upo wa pili, ambao huupindua mwanga uende kwa mzunguko ili mfumo wa kufokasi na kupima mwanga wa kamera za DSLR (zenye kioo cha kujikunja ndani) usidanganyike. Ndiyo maana polaraiza za siku hizi huitwa za duara; neno halihusu umbo la pete. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kujikunja ndani zinaweza kutumia hata zile za kale za mstari, zisizo na utando wa pili, ila madukani mara nyingi utakutana na za duara. La kukumbuka ni kwamba pande mbili za filta hazifanani: ukiigeuza nyuma mbele, haifanyi kazi.

Jina Käsemann linahusu kingo. Utando umezibwa pembeni mwake pande zote ili unyevu usipenye. Kwa mtu wa Nairobi jambo hili linaweza kuonekana dogo. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga, Bagamoyo au Unguja ndilo linaloamua filta itakaa miaka mingapi. Polaraiza isiyozibwa vizuri ikipigwa na joto na unyevunyevu wa chumvi huanza kuachana kutoka pembeni: kwanza unaona mstari mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua kwenye ukingo, kisha kama kiputo, na mwishowe doa linalosogea kuelekea katikati. Likianza halirudi nyuma. Hata hii iliyozibwa usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Gundi na utando havipendi joto hilo.

HTC maana yake ni kwamba utando unapitisha mwanga mwingi kuliko wa kawaida. Polaraiza za kawaida hula stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Hii inakula kati ya moja na moja na nusu. Kwa hesabu: jua kali, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata inakuwa kama 1/400 ya sekunde. Ukiifunga filta inashuka hadi karibu 1/140, ambayo bado unashika mkononi bila wasiwasi. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni habari nyingine. Kivulini, f/5.6 kwa ISO 100, shata huwa kama 1/60. Filta inaishusha hadi 1/20, na hapo picha inatikisika. Panda ISO 400 upate karibu 1/80. Anayebeba tripodi hana haja ya kupanda.

Pete yake ni ya shaba ya manjano iliyopakwa rangi nyeusi, wakati filta nyingi za bei nafuu, zikiwemo za Hoya na K&F Concept, zina pete za alumini. Alumini juu ya alumini, katikati kukiwa na chembe ya vumbi, hung'ang'ania. Shaba huteleza. Inazunguka taratibu bila kulegea, na ukiiacha mahali haitembei yenyewe kamera inapoinama.

Sasa kazi yenyewe, na tuanze na magari, kwa kuwa ndiyo watu wengi wanayokosea.

Mng'ao unaondoka vizuri pale tu unapoutazama kwa pembe fulani. Kwa kioo na kwa vanishi iliyo juu ya rangi ya gari, pembe hiyo ni takriban digrii 34 ukipima kutoka kwenye uso wenyewe. Kwa maji ni kama 37. Ukisimama uso kwa uso na mlango, digrii 90, zungusha filta utakavyo, hakuna kitakachobadilika. Vivyo hivyo ukiutazama kwa mlalazo sana. Kwa hiyo ubavu wa gari upigwe kutoka pembeni, karibu na ile pembe ya robo tatu ambayo wapiga picha wa magari wanaipenda tangu zamani, lakini ukisogea zaidi kuelekea mbele au nyuma ya gari hadi mstari wa macho yako ubane na mlango kiasi cha digrii 35 au 40.

Boneti ina ugumu wake. Iko kama mita moja kutoka ardhini, na kamera ikiwa usoni mwa mtu aliyesimama iko kama mita 1.6. Ukiwa mita nne kutoka kwenye boneti, unaitazama kwa chini ya digrii 10, na kwa pembe hiyo filta inasaidia kidogo mno. Ili kufikia digrii 34 kwa umbali huohuo, kamera ingebidi iwe mita 3.7 kutoka chini. Kwa umbali wa mita mbili inatosha mita 2.35, yaani juu ya ngazi fupi, au kamera uinyanyue kwa mikono ukitumia skrini inayokunjuka. Pale Ngong Racecourse, Nairobi, magari ya Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, yanapopangwa kwenye nyasi, wanaopata boneti zenye rangi halisi ni wale waliopanda juu ya kitu.

Kisha kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayalisemi, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya magari mapya. Kioo cha mbele cha gari la kisasa kimelala sana, kwa hiyo ukisimama mbele ya gari tayari unakitazama kwa pembe karibu na ile inayotakiwa. Unazungusha filta na ghafla unaona usukani, viti, hata karatasi ya bima. Land Rover Series ina kioo bapa kinachokaribia kusimama wima. Simama mbele yake uzungushe filta mpaka uchoke, kioo kitabaki na anga lote. Lazima ujiondoe mbele, uzunguke kuelekea ubavuni hadi uwe digrii 55 hivi kutoka kwenye mstari wa katikati ya gari. Hapo ndipo kioo kinafunguka. Morris Minor na Volkswagen Beetle za awali, ambazo vioo vyao havilali sana, zinadai mtindo huohuo.

Na hili ndilo la kushika kuliko yote: mng'ao wa boneti na mng'ao wa mlango haviondoki kwa mzunguko mmoja. Uso uliolala hurudisha mwanga wenye mtetemo wa mlalo. Uso uliosimama hurudisha wenye mtetemo wa wima. Filta inazuia mmoja na kuupitisha mwingine. Ukisafisha boneti, mlango unazidi kung'aa. Ukisafisha mlango, boneti inakuwa nyeupe. Mtu asiyejua hili hudhani filta ni mbovu. Chagua kilicho muhimu katika picha yako. Kama gari limeegeshwa na una tripodi, piga picha mbili bila kusogeza chochote, ya pili ukiwa umezungusha filta robo mzunguko, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Kazi ni ya dakika kumi kwa anayejua tabaka za picha.

Kromu haihusiki kabisa. Metali tupu hairudishi mwanga kwa namna ambayo filta inaweza kuuzuia, kwa hiyo bampa, vifuniko vya magurudumu na fremu za taa zitaendelea kuonyesha kila kilicho mbele yake, pamoja na wewe na shati lako jeupe. Vaa nguo nyeusi au kijivu kilichokolea. Bampa iliyopinda ya Peugeot 404 inachukua upana wote wa uwanja. Ukichuchumaa unajiona mdogo katikati yake. Sogea pembeni hatua mbili na urefushe lenzi, au mwombe mwenzako ashike kitambaa cheusi nje ya fremu. Kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, inaonyesha tofauti hii vizuri: mwili wake uliopakwa rangi unaitikia filta, vyuma vitupu vya kuendeshea magurudumu haviitikii.

Vioo vya madirisha ya pembeni na ya nyuma ya gari vina jambo lao. Vimetengenezwa kwa kuchomwa na kupozwa haraka ili viwe vigumu, na ule mkazo uliobaki ndani ya kioo huonekana kupitia polaraiza kama madoadoa yaliyopangwa au michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Vioo vya mbele vya tabaka mbili havifanyi hivyo kwa kawaida. Ukiyaona madoa, usidhani filta imeharibika. Izungushe kidogo mpaka yafifie, au badilisha upande wa kusimama. Kama yamekataa, vua filta kwa picha hiyo.

Kosa la mwisho kwenye magari ni kuzidisha. Umbo la gari la zamani, ule mbinuko wa madigadi na mgongo wa boneti, huchorwa na mwanga unaoteleza juu yake. Ukiuondoa wote gari linakuwa kama limekatwa kwenye karatasi. Tafuta mahali filta inapoondoa mng'ao wote, kisha rudisha nyuma digrii 20 au 30. Rangi inabaki nzito, na mstari mmoja wa mwanga unabaki kwenye bega la gari. Kwenye nyasi faida ni ya ziada: ule ukijani unaopanda kwenye sehemu ya chini ya milango hupungua, na gari jeupe au la krimu linarudia rangi yake.

Majumba ya kale yanahitaji filta hii kwa vitu vidogo zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa haung'ai, kwa hiyo kuta za Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, hazitabadilika sana kwa filta zikiwa kavu. Magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo vilevile. Mvua ikinyesha mambo hubadilika kabisa: jiwe lililolowa lina ngozi ya maji, na filta ikiivua ngozi hiyo unaona kahawia, kijivu na waridi ya matumbawe, na alama za vipande vyake kimoja kimoja. Nusu saa baada ya manyunyu ndiyo saa ya kwenda Kaole.

Milango ya kuchonga ndiyo inayofaidi zaidi. Mbao iliyopakwa mafuta au vanishi hufunikwa na utando mweupe wa anga, na nakshi zinazama ndani ya utando huo. Simama pembeni ya mlango, si mbele yake, kwa pembe ileile ya digrii 35 au 40, halafu zungusha taratibu. Weupe unaondoka kwenye mbao, mistari ya maua na minyororo inajitokeza, na njumu za shaba zinabaki ziking'aa kama zilivyokuwa, kwa sababu ni metali. Mbao imetulia, shaba inawaka: tofauti hiyo ndiyo picha, na huwezi kuipata kwa njia nyingine mchana. Tatizo ni kwamba mlango uliopigwa kutoka pembeni unapinda katika fremu. Tumia lenzi ya mm 50 au zaidi (hapa ni urefu wa fokasi, si kipenyo cha filta) ukiwa mbali kiasi, badala ya lenzi pana ukiwa karibu, na upindaji utapungua.

Vioo vya madirisha ya majengo ya enzi za ukoloni, kama yale ya katikati ya Dar es Salaam na Tanga, hupigwa kwa kanuni ileile ya kioo kilichosimama. Ila usisafishe kila dirisha. Dirisha lisilo na anga ndani yake huonekana kama tundu jeusi, na jengo lenye matundu meusi ishirini linaonekana limehamwa.

Tuje kwenye anga. Anga linaitikia filta zaidi kwenye mkanda ulio digrii 90 kutoka lilipo jua. Nyoosha kidole cha shahada kwenye jua na dole gumba litoke pembeni, kisha zungusha mkono: popote dole gumba linapoelekea ndipo mkanda ulipo. Saa mbili asubuhi jua likiwa chini mashariki, mkanda unapita kutoka kaskazini kupitia utosini hadi kusini. Ukitazama kaskazini au kusini anga linakolea. Ukitazama magharibi, jua likiwa mgongoni, hakuna kitu.

Hii inawaumiza wanaokwenda kupiga Bonde la Ufa kutoka kwenye vituo vya kutazamia mandhari vilivyo kwenye barabara ya juu kati ya Limuru na Naivasha. Huko unatazama magharibi. Wanafika asubuhi, mwanga mzuri, jua nyuma yao, wanafunga filta na anga linabaki vilevile. Filta si mbovu. Mkanda haupo upande ule. Geuka kusini au kaskazini kando ya ukingo wa bonde, hapo utaupata. Na kwa ule ukungu wa vumbi wa kiangazi usitegemee muujiza: filta inapunguza weupe wa hewa yenye chembe ndogo sana, lakini vumbi zito na moshi wa mashamba haviitikii.

Adhuhuri hali inageuka. Jua likiwa utosini, kama linavyokuwa kwetu mara nyingi, mkanda unashuka na kuzunguka upeo wa macho wote. Popote utakapogeukia, anga lililo juu tu ya mapaa linaitikia, na linaitikia sawasawa kutoka kushoto hadi kulia. Vitabu vingi vya nchi za kaskazini, ambako jua halifiki utosini, havilitaji hili. Unyevu na vumbi vya karibu na ardhi hulipunguza nguvu, lakini siku baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, minara na minazi saa sita mchana hupata anga zuri sana. Isitoshe, mtetemo wa anga hilo ni wa mlalo kama ule wa maji yaliyotulia, kwa hiyo mzunguko mmoja unashughulikia anga na bahari pamoja. Maji mafupi ya Pwani yanafunguka, unaona mchanga na matumbawe chini. Majani ya mikoko, minazi na chai yanapoteza ule ung'avu wa nta na ukijani unakolea. Mashamba ya chai ya Limuru na Lushoto yanabadilika kuliko mandhari nyingine yoyote.

Hatari ya anga ni lenzi pana. Kwa lenzi kama Canon EF-S 10-18mm, upande wa mm 10 unachukua sehemu kubwa mno ya anga kiasi kwamba mkanda unaonekana wote: doa la buluu nzito katikati na weupe pande zote mbili. Kulisahihisha kwenye kompyuta ni kazi ngumu na mara nyingi inaonekana. Asubuhi na jioni, usiende pana kuliko mm 18 kwenye kamera za APS-C (zenye sensa ndogo), au mm 28 kwenye fulu fremu (zenye sensa kubwa), kama kuna anga tupu kwenye picha. Mawingu huficha doa hilo, anga tupu halifichi. Kwa picha za panorama vua filta kabisa, maana kila kipande kitatoka na buluu yake.

Kwa nini mm 67? Kwa sababu ni kipenyo cha Canon EF-S 10-18mm, Canon 18-135mm na Nikon 18-140mm, na kwa lenzi ndogo, mfano Canon 18-55mm yenye mm 58, unanunua pete ya kupanulia ya 58 kwenda 67. Pete hizo ni bei ndogo. Mwenye lenzi ya mm 77 anunue ya 77 na pete za kupanulia za lenzi zake nyingine. Kanuni ni kununua filta moja nzuri ya kipenyo kikubwa ulichonacho, usinunue tatu mbovu. Pete ya kupanulia ina hasara moja: kofia ya lenzi ya kukingia jua haifungiki tena, hivyo kinga jua kwa kiganja. Usifunge polaraiza juu ya filta ya UV; pembe za picha zitakuwa nyeusi na utaongeza mng'ao badala ya kuupunguza.

Katika kuitumia kuna tabia ndogo zinazookoa fedha. Ukiwa nyuma ya kamera, zungusha filta daima kinyume cha saa. Huo ndio upande wa kukaza tredi (hesi za kufungia filta kwenye lenzi). Ukizungusha upande mwingine, siku moja itafunguka yote na kuanguka. Kwa lenzi za zamani ambazo mbele yake huzunguka wakati wa kufokasi, kama Canon 18-55mm IS II, fokasi kwanza ndipo uzungushe filta. Toleo la STM halina shida hiyo. Ukigeuza kamera kutoka mlalo kwenda wima, filta nayo imegeuka robo mzunguko, kwa hiyo anza upya. Hili la mwisho husahauliwa kila mara.

Ikikwama kwenye lenzi, usiibane kwa nguvu za vidole viwili. Pete inapinda kidogo na kuzidi kung'ang'ania. Chukua kandambili safi, bonyeza soli yake bapa kwenye ukingo wote wa filta bila kugusa kioo kwa nguvu, kisha zungusha. Mpira unashika pande zote sawa na filta inaachia. Pete ya mpira wa kufungia noti ikizungushwa pembeni nayo husaidia.

Kusafisha: puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, maana mchanga wa ufukweni ukiusugua unakwaruza. Ukungu wa chumvi haufutiki ukiwa mkavu. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa dawa ya lenzi, futa, kisha kausha kwa upande mkavu. Usimimine maji juu ya filta. Khanga na shati havifai.

Dukani, kabla ya kulipa, ipime. Washa kompyuta ya mpakato yenye skrini ya LCD, weka dirisha jeupe, elekeza upande wa mbele wa filta kwenye skrini na uzungushe: lazima ifike mahali inapokuwa nyeusi karibu kabisa. Weusi ukiwa wa zambarau au buluu iliyofifia, utando ni dhaifu. Kisha simama mbele ya kioo cha kujitazamia, shika filta upande wa nyuma wenye tredi ukielekea kioo, na uangalie taswira ya filta ndani ya kioo kupitia filta yenyewe. Ya duara ya kweli itaonekana nyeusi. Ukiigeuza, inaonekana angavu. Kama ni angavu pande zote mbili, umeuziwa ya mstari. Mwisho, piga karatasi nyeupe mara mbili, nayo na bila, mizania ya weupe (white balance) ikiwa imefungwa isibadilike. Hii ya B+W inabadilisha rangi kidogo sana. Za bei ya chini kabisa huacha umanjano au ukijani unaoonekana kwenye gari jeupe na kwenye chokaa.

Bei ndiyo kikwazo. Gharama ya daraja hili inakaribia ile ya lenzi mpya ya mm 50 f/1.8, na kwa mwenye lenzi ya kit pekee, yaani ile inayouzwa pamoja na kamera, lenzi hiyo ya mm 50 itamfaa zaidi kwanza. Hoya HD ni mbadala wa heshima kwa anayeishi bara, kwenye hewa kavu: kioo chake kimekazwa na kinapitisha mwanga mwingi. K&F Concept inatosha kwa anayejifunza, na hata kwa simu; shika filta mbele ya lenzi ya simu, upande wa tredi ukielekea simu, uzungushe ukitazama skrini, na kioo cha Land Rover kitafunguka vilevile. Ila anayeishi kilomita chache kutoka baharini na kupiga kila wikendi ataibadilisha filta ya bei nafuu ukingo wake utakapoanza kuonyesha ule mstari wa rangi, na fedha za mbili zilizokufa zinanunua hii moja.